Pingili Saba

Shingo ina pingili saba, kipande cha muwa
ambacho mtoto angekimaliza njiani kutoka Kitangari.
Twiga naye anazo saba. Nawaambia wagonjwa hivyo
wakati naipanga sahani ya picha,
nao hucheka kwa macho tu. Nimewakataza kutikisika.

Miaka kumi na tisa katika chumba cha eksirei, Newala,
nasoma msimu kwenye mifupa.
Juni watu wanapogoa mikorosho:
tawi linakwenda chini na aliyelikalia.
Kiangazi ni maji, ndoo ya lita ishirini kichwani
na ule mteremko wa bondeni.
Novemba, malipo yakitoka, ni pikipiki mpya,
kofia imetundikwa kwenye usukani,
pingili ya tano imeikalia ya sita.

Mzee Adelhelmi Nachundu hakuwa na msimu.
Pingili ya pili ina kitu tunakiita jino.
Kinywani hakubakiwa na hata moja;
hilo la shingoni ndilo la mwisho,
akaliacha kwenye kizingiti cha choo.

Shingo upande, tunasema, mtu akikubali asichotaka.
Kwenye picha zangu hakuna aliyekubali.

Na kuna kuvunjika kunakokuja baada ya kuanguka,
mikononi mwa wanaokupenda:
huyu kwapani, yule miguuni, mzobemzobe,
kichwa kinaning'inia,
mkalisheni, mpeni maji.
Bakiri Likwata alifika hivyo mwaka juzi,
amebanwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki.
Mkewe alisema, alipoanguka alikuwa anachezesha vidole.
Nikaandika: vidole vilicheza.
Hakuuliza mara mbili.

Jumanne hii wamekuja wanaume sita wamebeba mlango.
Mlango mzima, na bawaba zake.
Juu yake kijana wa jirani, ametoka mkoroshoni,
kichwa katikati ya mifuko miwili ya mchanga,
kanga imefungwa kupita kwenye paji la uso.
Nyuma yao Salanje, mjane wa Bakiri,
anamfokea kila anayeharakisha.

Pingili ya sita ina ufa. Uti haujaguswa.
"Chezesha vidole," nikasema.
Mkono wa kushoto ukafunguka, ukafunga.

Salanje aliviangalia vile vidole
muda mrefu kuliko mama mzazi.
Halafu akauliza mlango wake ataupata lini,
maana usiku fisi wanapita.