Mkono wa Kushoto

Alhamisi, dola tano mlangoni.
Mimi ndiye mpiga muhuri: kiatu cha farasi, wino wa zambarau,
juu ya mkono wako, hapo penye mishipa.
Usiku ule nilipiga sitini na mbili,
na mmoja akakataa kulipa kwa kuwa, alisema,
hakuja kusikiliza. Amekuja kupiga.

Huyo alikuwa Arvella.

Ngoja kwanza niuseme ukumbi. Zamani ghala la pamba,
maili kumi na moja nje ya Lamesa, Texas,
paa la bati, jukwaa lisilofika goti,
sakafuni unga wa mbao ili soli za buti ziteleze.
Taa ya bia ukutani ilikufa herufi mbili
kabla sijaajiriwa.
Wachezaji huzunguka kinyume cha saa,
upesi-upesi, pole, pole,
wepesi pembezoni, wanaojifunza katikati,
na sheria nyingine hakuna
ila usilimwagie bia gitaa la Doyle.

Gitaa lenyewe halibebwi. Hulazwa:
meza ya nyuzi kumi, miguu minne,
pedali chini, vijiti vya chuma magotini.
Mkono wa kulia hudonoa,
wa kushoto hutelezesha kipande cha chuma,
na sauti inayotoka si kilio, si kicheko;
ni kama mtu aliyetaka kusema jambo zito mezani
halafu akaomba chumvi.

Mwezi wa pili kiharusi kilimkuta Doyle Huckaby kwenye trekta,
kikamchukua ubavu mmoja. Mkono wa kushoto
ukawa mgeni mwilini mwake:
anauvisha, anaulaza, haumsemeshi.
Wiki kumi na tisa gitaa lilikaa sandukuni
nyuma ya friji,
na Chuy Benavides, fundi wa viyoyozi,
akazidi kuzigonga ngoma
kama anayeziba tundu kwa nyundo.

Arvella na Doyle waliachana mbele ya hakimu
miaka kumi na moja iliyopita.
Nyimbo nne za Doyle zinamsema vibaya.
Mwanamke huyu anazijua zote, hadi makosa yake,
maana zilitungwa jikoni kwake, akiosha vyombo.

Alipanda na viatu vya kazi, vya mpishi wa shule,
akavuta kiti, akaketi kushotoni kwa Doyle
bila kumtazama. Akakishika chuma.
Akavua kiatu, mguu ukapapasa pedali.
Randa Pruett akahesabu: moja, mbili,

na mwanzo ukawa mbaya. Ng'ombe angeondoka.
Doyle alidonoa, chuma kikafika
nyuzi zimeshanyamaza.
Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa,
lakini viwili visivyosalimiana je?
Doyle akasema neno.
Arvella akajibu mawili.
Maikrofoni ilikuwa wazi. Tulisikia wote,
na mtu mmoja huko nyuma akapiga makofi.

Ubeti wa tatu ndio unaomtukana:
mkono wako, Randa akaimba, baridi kama kitasa Januari.
Na hapo hapo, kwenye baridi,
Arvella akaisukuma noti juu, akaishikilia,
akaitetemesha, hakuiachia.
Bendi ikafika mbele, ikasimama.
Wachezaji wakabaki mguu mmoja hewani.
Doyle, vidole vya kulia vimeinuliwa juu ya nyuzi,
akangoja.
Sijapata kumwona akimngoja mtu.

Kisha chuma kikashuka, taratibu, naye akadonoa,
na unga wa mbao ukatimka tena.

Saa sita na nusu alipita mlangoni, ameshika kiatu kimoja.
Akanyosha mkono. Nipige muhuri, alisema,
Alhamisi ijayo nisiulizwe maswali.
Nikamwambia wino huu haumalizi wiki.
Wa hakimu umedumu, akasema.

Nikampiga.
Zile dola tano hajalipa mpaka leo.