Mlango wa Masika

Hapa Tukuyu mvua haibishi hodi.
Inaingia Machi, inakaa mpaka Juni kama mgeni aliyepoteza nauli,
na mbao za nyumba zinainywa kimya kimya.
Mlango wa chumbani kwetu, wa mkaratusi,
umevimba. Umegoma kwenye fremu.

Ambilikile, mume wangu, ni seremala.
Kila masika watu wanamjia kutoka Katumba na miavuli iliyovunjika mbavu:
"Fundi, mlango umekwama, lete randa."
Naye huwajibu bila kuinua macho kwenye msasa:
"Nikipiga randa leo, kiangazi utaona mwezi kupitia ufa.
Mbao haikukatai. Mbao imelowa.
Ngoja."

Maneno hayo nimeyasikia mara hamsini.

Mimi naitwa Tusekile, yaani tumefurahi.
Novemba ya mwaka juzi nilibeba miezi minane,
nikarudi kutoka hospitali na shali la njano
ambalo lebo yake haijakatwa.
Wanaume walizika migombani, mimi nikiwa bado kitandani.
Hakuna aliyenionyesha mgomba upi.

Tangu hapo akinigusa bega, magoti yangu hukutana yenyewe.
Meno hubana. Nahesabu misumari ya dari:
ishirini na tisa, mmoja umepinda.
Nampenda. Niseme hili kabla hamjauliza.
Nampenda anavyopuliza vumbi la mbao kutoka kwenye nyusi zake.
Lakini kuna kitu kinakaza ndani kabla mimi sijaamua,
na tukijaribu ni maumivu, kama sindano butu,
naye hujitenga, hugeukia ukuta,
tunasikiliza bati.

Mama mkwe alileta mizizi ya kuogea.
Mchungaji alinifungisha siku tatu.
Lugano alininong'oneza kwenye mzani wa chai:
"Jifanye tu. Unadhani sisi tunafanyaje?"
Nikajifanya.
Nikajifanya mpaka nikajikuta niko juu, darini, kati ya misumari,
namtazama mwanamke fulani akingoja kuisha.

Nesi Mahenge alinipima, akavua glavu.
"Huku hakuna kidonda."
Nilidhani ananifukuza, nikaanza kufunga kanga.
Akavuta stuli. "Sasa nieleze unavyolala."
Hakuuliza nalala na nani, wala mara ngapi.
Unavyolala.
Nililia mpaka karani akagonga kuuliza kama kuna msiba.
Ulikuwepo. Ulikuwa na mwaka na nusu,
msiba ambao haukukaliwa matanga.
Nesi akasema hofu nayo ina misuli,
na msuli haupigiwi kelele.
Akasema nirudi Alhamisi. Akasema nikitaka, nije na mwenzangu.

Njiani nilipanga maneno, yote yakadondokea kwenye tope.
Nilipofika niliusukuma mlango kwa bega, ukakataa.
Nikamwita: "Fundi. Lete randa."
Akacheka. "Tusekile, mara ngapi nimesema, mbao ikilowa hu..."
Akanyamaza.
Akautazama mlango.
Akanitazama mimi.
Penseli ikamtoka sikioni, hakuiokota.

Mvua ilikuwa bado inapiga. Akachukua tochi,
akaninyooshea mkono, akangoja mpaka nilipoushika mwenyewe,
tukashuka migombani, matope mpaka kwenye vifundo.
Wa nne kutoka shimo la taka.
"Ni huu," akasema. "Huwa nakuja Jumapili, ukiwa kwaya."
Kumbe. Mwaka na nusu tunamlilia mtu mmoja kwa zamu,
kila mmoja akimficha mwenzake machozi
kama anayeficha deni la duka.

Usiku ule hakunigusa. Nami sikuhesabu misumari.
Nilimwambia jina nililokuwa nimelichagua.
Akalirudia taratibu, kama anayepima ubao.

Leo ni Aprili, tarehe kumi na nane. Mawingu bado yameulalia mlima Rungwe.
Alhamisi tutakwenda wawili.
Mlango hatujaupiga randa.
Tumeuegeshea tofali, uko wazi kiasi cha mtu kupita
akiingia upandeupande.