Kengele ya Chumba cha Kumi na Nne

Nyumba ya kwanza ilinukia waridi la kopo.
Meneja, tai yake nyekundu, akanionyesha sinema ndogo,
saluni, samaki wa rangi kwenye tangi,
cheti ukutani chenye nyota nne,
na muda wote huo
kengele ya chumba cha kumi na nne ilikuwa ikilia.
Dakika ya kwanza alikuwa kwenye bustani.
Ya tatu, kwenye menyu.
Ya saba akauliza kama nina swali lolote.
Nilikuwa nalo moja tu, na lilikuwa bado linalia.

Nje, Kettering, manyunyu yasiyoamua kuwa mvua.
Simu ikatetemeka: kundi la ukoo, Muheza.
*Tumesikia mnamtupa Mboni.*
*Kwetu mzee halipiwi pango, mzee hutunzwa.*
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Hawajui saa tisa usiku,
yeye sakafuni kati ya kitanda na choo,
mimi na mgongo wangu wa zamu ya ghala,
tunacheka, maana kulia kutatuchelewesha.
Hawajui jiko lililoachwa likiwaka
mara mbili, Novemba hiyohiyo.
Niliandika jibu refu. Nikalifuta.
Nikatuma picha ya yule samaki.

Nyumba ya pili walikuwa wema, na hapo ndipo palinishinda:
wema wa kumwita kila mtu "mpenzi"
kwa sauti ya chekechea.
Mzee mmoja, zamani dereva wa treni,
kafungwa kitambaa shingoni alasiri nzima
na hakuna chakula mbele yake.
Glasi ya maji ilikuwepo, safi, imejaa,
hatua mbili kutoka mkononi mwake.
Niliandika: *glasi.* Nikaipigia mstari.

Shangazi Mboni alifua mashuka ya hospitali ya mji huu
miaka ishirini na sita.
Damu ya wazazi, jasho la wanaokufa,
vyote vilipita mikononi mwake vikatoka vyeupe,
na hakuna siku aliyoulizwa ubora ni nini.
Basi nyumba ya tatu nikampeleka mwenyewe.

Zulia limechakaa. Korido inanuka kabichi,
na chini ya kabichi, kwa mbali, mkojo.
"Wa leo," akasema. "Si wa jana."
Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, hakikuchukua pua.
Hakutaka bustani. Alitaka chumba cha kufulia.
Akapapasa shuka kwa kiganja cha kushoto,
akageuza pindo, akanusa,
akaguna mguno ambao mpaka leo sijaupatia maana.

Chai ikaja. Aliyeileta, Ileana kwa kibandiko cha kifuani,
alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana,
kisha akageuza mshikio wa kikombe
uelekee kushoto.
Hakuna aliyemwambia.
Wala hakunitazama kuona kama nimeona.

Bei: pauni elfu moja na mia tatu kwa wiki.
Nyumba ya Shangazi, ile ya matofali,
yenye mlango aliojipakia mwenyewe rangi ya kijani,
itageuka wiki, na wiki, na wiki.
Nani atatangulia kuisha, yeye au mlango?
Hilo nalo lilikuwamo kwenye karatasi yangu.
Nililiandika kwa penseli.

Garini akaomba aione. Akaisoma yote,
kidole chini ya kila mstari:
wauguzi wangapi usiku, nani hukata kucha,
mtu wa mwisho kuanguka alianguka lini
na alikaa chini muda gani.
"Umesahau moja," akasema.
"Mtoto wa kaka yangu atakuja mara ngapi?"

Nikaandika: *Jumapili.*
Hakusema kitu.
Waipa zikaenda, zikarudi.
Nikaongeza: *na Jumatano, nikitoka kazini.*
Alikuwa anaitazama kalamu, si uso wangu,
kama alivyolitazama lile pindo la shuka.