Mabibo ya Somoe

Korosho zimekwenda ghalani,
chama kina stakabadhi.
Mabibo hakuna aliyeyaandika.

Somoe anayaokota, mekundu kwa manjano,
chini ya magome yenye vumbi la salfa:
unga wa milima ya moto, alisema bwana shamba,
milima ambayo Newala hatuna.
Tuna mteremko, mchanga mwekundu
na maji ya kununua.

Anayaponda kinuni, anakamua kwa gunia.
Asubuhi ni tamu, watoto wanalamba vidole.
Jioni uraka unakwaruza ulimi.
Keshokutwa utamwita mtu
kwa jina la babu yake.

Mzee Nangonga anapita, anauliza bei ya mnada.
Somoe anamjazia kata.
Anakunywa, anafumba jicho moja,
swali amelisahau.