Tundu la Tisa

Nashona kofia. Sindano ya tatu leo,
mbili zimevunjika.
Kitambaa kimechorwa kwa penseli, jani na duara,
na kila tundu nalihesabu,
maana tundu moja likikosewa
kosa halikai mahali pake:
safu ya pili hulifuata,
ya tatu huiamini ya pili.

Hivyo ndivyo nilivyomwelewa Daktari Kadzo, kule Malindi,
aliponichorea nyuma ya bahasha ya dawa
vijiti viwili, cha tisa na cha ishirini na mbili.
"Vimekatika, mama, vikabadilishana vipande.
Si chakula. Si jicho la mtu. Si wewe."
Nikasema: kama fundi aliyeshona ukingo wa kofia hii
kwenye kilele cha ile.
Akaitazama kalamu yake.
"Ndiyo. Na fundi huyo hajui kuacha."

Bunu ana miaka mitano.
Yalianza magoti; tukamkanda kwa mafuta ya nazi.
Kisha madoa rangi ya zambarau,
na hakuna aliyempiga.
Kisha damu ya fizi kwenye mkate wa mofa.
Boti hadi Mokowe, basi usiku kucha,
sindano kwenye mfupa wa nyonga.
Uboho wake ukatangulia Nairobi ndani ya sanduku la barafu,
mimi nikabaki na kiatu chake kimoja mkononi.

Majibu yalikuja herufi sita, kistari katikati.
Nilizisoma kama jina la mgeni
aliyelala kwangu miezi bila kupiga hodi.

Dawa za kwanza ni mvua ya mawe:
hupiga magugu, hupiga mahindi, hupiga na paa.
Nywele zilibaki mtoni.
Hiki kidonge kingine, rangi ya bizari,
kinatafuta sindano moja tu.
Kinaingia kwenye tundu lake, pale uzi unapopita,
kinakaa.
Nakivuruga kikombeni, kwa kilo zake kumi na sita.
"Kichungu," asema Bunu, na kunitemea nusu.
Tunaanza tena.

Daktari hakutamka kupona.
Alisema: tutahesabu tena mwezi wa tatu.

Jioni anapanda mapajani, kichwa kama yai,
anaitia kofia kidole, tundu kwa tundu:
sita, saba, nane, kumi.
Namwacha aruke.