Ugwe

Daktari wa Bombo alichora kwa wino wa buluu
nyuma ya risiti ya duka la dawa.
Mstari mmoja. Akasema: huu ni ugwe.
Nami, mtoto wa korona, mwenye sugu viganjani,
nikasema moyoni: ugwe naujua, endelea.

Unaanzia kwenye tundu chini ya bufuru,
unapita katikati ya pingili kama uzi ndani ya shanga.
Unene wake, kidole chako cha mwisho.
Hauufikii hata mkia wa mgongo:
unakoma juu kidogo ya pale mama anapofungia kanga,
halafu unafumuka, unakuwa singa,
singa ndefu zinazoelea majini.
Mkia wa farasi, ndivyo walivyouita waliosoma.
Mimi niliuona mkonge wa Ngomeni
umetoka kuoshwa, unachuruzika, unangoja kuanikwa.

Umevishwa nguo tatu, akasema.
Ya nje ngumu kama turubai,
ya kati utando wa buibui,
ya ndani imeushika kama ngozi ya yai.
Nguo tatu, kama sanda ya mwanamume.
Sikumwambia nilichokumbuka.

Robota lilimwangukia Hoza siku ya Alhamisi,
kilo mia mbili na hamsini za singa zilizobanwa.
Mkonge uliomlisha.
Tangu kitovuni kwenda chini, kimya.

Kila pingili ina njia zake, kushoto na kulia,
jozi thelathini na moja, tulizihesabu pamoja.
Mzizi wa nyuma huleta: moto, baridi, shuka lina mkunjo.
Mzizi wa mbele hupeleka: kaza, inuka, kimbia.
Pakikatika kati, habari na amri zinatazamana
kama watu wa Pangani na watu wa Bweni
siku pantoni imeharibika.

Wiki ya sita, mguu ukaruka.
Mama alikuwa anampaka mafuta ya nazi nyayoni.
Vigelegele! Mgonjwa wa kitanda cha nane akaamka,
shangazi Mwanaheri akatoka mbio kutafuta haluwa.
Hoza peke yake hakucheka.
Aliutazama mguu wake
kama mtu anayemtazama mpangaji asiyemjua.

Bwana Mntambo, wa mazoezi ya viungo,
alingoja vigelegele viishe, akampa mama kiti.
Mama, ugwe si njia tu. Nao una kiakili chake.
Ukiukata kama muwa, ndani utaona kijivu,
umbo la kipepeo aliyetandaza mbawa.
Humo habari ya mwiba hukutana na amri ya kuvuta mguu
kabla kichwa hakijaambiwa lolote.
Ukikanyaga mwiba wa mkonge, mguu hutoka kwanza,
"yalaa!" hufuata.
Chini ya jeraha la mwanao kipepeo yu hai.
Anajibu. Ila juu hapeleki salamu.

Mama akauliza: basi aliyeniitikia ni nani?

Haluwa ililiwa na wauguzi.

Korona kamba ikikatika
tunafumua ncha zote mbili,
tunazipishanisha uzi kwa uzi, tunasokota,
kesho yake inafunga ng'ombe.
Nilimweleza daktari hivyo, kwa mikono, kwa sababu maneno yalinipungukia.
Alivitazama viganja vyangu muda mrefu.
Akasema nyuzi hizi hazikubali kuungwa. Bado.
Hilo "bado" nimelifunga kwenye pindo la kanga,
sijui kama ni sarafu au ni kokoto.

Sasa tuko nyumbani, Mabawa, chumba cha uani.
Tunamgeuza kila saa mbili, ngozi isichubuke;
yeye hutuhesabia saa, hutukemea tukichelewa.
Na jioni mama huketi miguuni pake,
hupitisha ukucha kwenye unyayo, taratibu.
Hodi, anasema ukucha.
Karibu, mguu unaruka.
Na Hoza, mwenye nyumba, amegeukia redio,
hajui kama kuna mgeni mlangoni.