Goti la Nalepo

Nilifika Kwemkole na fremu ya waya,
mita moja kwa mita moja,
nimeifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa baiskeli.
Kutoka Songe, saa tatu na nusu.
Mnara wa mwisho wa simu nilishausahau.
Watoto walidhani nimekuja kuuza madirisha.

Nikailaza fremu chini, nikapiga magoti, nikahesabu:
ukoka, mashina manne.
Kikwata, miche kumi na mmoja.
Udongo mtupu, pote palipobaki.
Lekishon aliegemea fimbo yake, akasubiri nimalize,
kisha akauliza kwa upole unaokata kuliko tusi:
"Na ng'ombe wangu, bwana malisho,
nao watakula kwa mraba?"

Ardhi ni ya Bi Mwajabu Semndili.
Ekari mia na kumi, hati ya kimila
anayoihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga
pamoja na cheti cha kifo cha mumewe.
Hana ng'ombe hata mmoja.
Ana mahindi, ana ufuta, ana bonde,
na bondeni hupita kila mwenye kwato.
"Sikatai wapite," alisema.
"Nakataa wapite kama moto."

Siku ya kwanza tulizozana mpaka chai ikapoa.
Siku ya pili hawakuja.
Siku ya tatu nikafungua daftari, nikasoma:
kundi liingie nyasi zikifika sentimita arobaini,
litoke zikibaki kumi. Ng'ombe akate, asing'oe.
"Sentimita," akasema Bi Mwajabu,
kama anayetema kokwa ya chungwa.
"Nani atatuletea alfajiri, wewe umelala Songe?"

Ndipo Naisiae, mke wa Lekishon,
ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu juzi,
akamshika binti yake mkono, akamsimamisha penye ukoka.
"Goti la huyu, waingie.
Kifundo cha huyu, watoke.
Mama yangu alifunga alalili hivi hivi,
ila goti lilikuwa langu."

Nilipima kwa utepe, kwa kujiibaiba.
Nalepo, miaka saba: thelathini na tatu.
Kitabu changu kilitaka arobaini.
Nikaandika: goti.

Bonde tukaligawa vipande vinne
kwa kamba zilizofungwa matambara,
kanga kuukuu za Bi Mwajabu, shuka zilizochanika za Lekishon.
Kikwata waling'oa pamoja, wakisimangana kwa lugha mbili,
na miiba haikuuliza nani mkulima, nani mfugaji.

Mwezi wa kumi, kiangazi kimetoa macho,
usiku wakaonekana ng'ombe watatu kwenye kipande kilichofungwa.
Lekishon alikuwa wa kwanza kutazamwa.
Hawakuwa wake.
Walikuwa wa mwenyekiti wa kamati,
yule aliyesaini kabla ya wote, kwa wino mwekundu.
Akalipa madebe mawili ya mahindi
na aibu, ambayo kanuni hazikuitaja.

Sitadanganya: kipande cha nne hakikupona.
Pale pana upara mpaka leo;
mvua ikinyesha, maji yanashuka rangi ya chai
yakibeba kile tulichochelewa.

Mwaka wa tatu nilirudi na fomu mpya.
Ina kisanduku: "Kipimo kilichotumika."
Nikaomba kumwona Nalepo.
Akaja mbio kutoka kisimani, ndoo kichwani,
miguu mirefu kama ya korongo,
akasimama penye ukoka bila kuambiwa.
Arobaini na moja.

"Mlijua?" nikamuuliza Lekishon.
"Kwamba mtoto anakua?" akacheka.
"Kila mwaka tunangoja siku chache zaidi.
Nani agombane na goti?"

Bi Mwajabu alikuwa anapepeta ufuta.
Akamtazama msichana toka unyayo hadi utosi,
kisha akatazama mbingu, nyeupe, kavu.
"Polepole, mwanangu," akamwambia.
"Mvua ya mwaka huu
haitoshi miguu yako."